Tarakimu Sita

Kile kimashine cha mlangoni kimenitemea karatasi:
mia moja na kumi na mbili.
Ubaoni inawaka themanini na sita.
Subira yavuta heri, haya;
yangu imevuta kiti cha plastiki
chenye mguu mmoja mfupi.

Nje ni Łódź, mwezi wa Februari, theluji imekuwa tope.
Jina la mji wetu maana yake mashua
na hatuna hata mto wa kuogeshea bata:
waliifukia mito chini ya lami, enzi za viwanda vya nguo,
inapita huko gizani, haimjui mtu.
Leo nimeikumbuka mara tatu.

Nimeendesha tramu miaka thelathini na moja.
Ukichelewa dakika nne, watu wanakusema usoni.
Mwanamke mmoja alinipiga kwa kabichi.
Lakini nilikuwa na uso wa kusemwa.
Hapa, ukutani, kuna binti wa picha, mrefu kuliko mlango,
anacheka tangu nilipoingia.
Meno yote yapo. Simu yake inashika mtandao.

Mia moja na kumi na mbili!
Kijana ana kitambulisho kifuani: Kacper.
"Nikusaidie nini, mama?"
Namwambia: laini imekufa tangu Jumatatu,
dada yangu Halszka anapasuliwa nyonga huko Szczecin
na namba yangu ndiyo pekee anayoijua kwa kichwa.
Anainamisha shingo kwa huruma aliyofundishwa.
"Kwanza tuhakikishe kuwa wewe ni wewe."
Naweka kitambulisho mezani. Naweka kadi ya wastaafu.
Naweka na miwani, aone macho.
"Hapana, mama. Mfumo umekutumia tarakimu sita za siri.
Nisomee."
"Umezituma wapi?"
"Kwenye simu yako."
"Hii iliyokufa?"
"Hiyo hiyo."

Tukatazamana.
Nilimwona akiliona shimo lile, kisha akalizunguka
kama mtu anavyozunguka dimbwi la kila siku
njiani kwenda kazini.
"Basi piga huduma kwa wateja."
"Nipige kwa kitu gani?"

Bwana wa namba mia na kumi na tatu,
mwenye rangi ya ukuta kwenye kucha, akaniazima yake.
Bonyeza moja. Bonyeza tatu. Bonyeza nyota.
Kinanda, dakika ishirini na mbili,
wimbo unaojikanyaga mkia.
Mazungumzo haya yanarekodiwa.
Mazungumzo yapi, mwanangu?
Mwishowe sauti ya kike, laini kama siagi:
"Tatizo lako tumelielewa.
Tafadhali fika katika duka letu lililo karibu nawe."

Nikainua mkono.
Sijui kwa nini. Pale pale, katikati ya duka lao,
niliinua mkono kama mtoto darasani.

Saa kumi na mbili wakazima taa, safu moja moja.
"Pole kwa usumbufu," akasema Kacper,
na usumbufu akaniachia mimi.

Kituoni, chini ya paa la kioo, akaja akasimama karibu.
Koti lake limepungukiwa kifungo. Kitambulisho amekivua;
bila kile kibati alikuwa mtoto wa mtu tu, pua nyekundu.
"Mimi pia huwa siwapati," akasema, akiitazama reli.
"Nikiwapigia kutoka ndani, nasikia kinanda kile kile."
Sikumjibu. Hasira ilikuwa bado ya moto.
Lakini nilikuwa pia na andazi la jamu mkobani.
Nikalikata.

Tramu ilipokunja kona, simu ikatetemeka mfukoni.
Yenyewe. Bila kuombwa.
Ujumbe wa saa kumi na moja na robo,
halali kwa dakika tano.
Nikausoma kwa sauti, polepole,
kama nilivyokuwa nikitangaza vituo:
nne. Nne. Moja. Tisa. Sifuri. Saba.
Na Kacper, sukari midomoni, akaitikia:
"Ndiyo, mama. Ni wewe."